Shukrani Tuliyoitoa Mapema

Kaa karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana habari hii siwezi kuisema kwa sauti ya juu, na sitaki ikutishe. Nitakueleza polepole. Pale utakapoona hujanielewa, rudi nyuma usome tena bila haya. Mimi mwenyewe, niliyekuwepo, ilinichukua miaka mingi kuielewa. Ni habari ya mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka kumi na saba, na ya Elia, mtoto wa dada yangu Feza, na ya chumba kimoja cha hospitali kando ya ziwa, upande huu wetu wa Uvira. Sikuwa na mpango wa kuiandika. Lakini mwezi uliopita nilikuwa Kavimvira kwa kazi yangu ya reko, yaani sisi tunaopita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wazazi chanjo za watoto, na katika ua mmoja nyuma ya vibanda vya wabadilisha pesa nilimkuta mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, na mama mzee ameketi kwenye mkeka akichambua maharagi. Nilisalimu, nikaanza maneno yangu ya kila siku. Yule mzee aliacha maharagi. Alinitazama kinywa kinavyokwenda, kisha akasema, "Weye njo ule mutoto wa ndagala."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniita hivyo. Alikuwa Mama Mapendo, tuliyelala naye chumba kimoja mwaka ule, na huyo kijana mwenye mtoto mgongoni alikuwa Mapendo mwenyewe, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa na miaka mitano na kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Tulishikana mikono, tukacheka, tukakaa. Mapendo hakunikumbuka mimi, na sikumlaumu. Alimkumbuka mtu mwingine. "Na ule Elia wa vifuniko?" aliniuliza. "Mama anasemaka alirudiaka kwabo. Iko wapi sasa? Aliisha kuoa?" Mama yake aliinamia maharagi yake tena. Nikaelewa kwamba miaka yote hii alikuwa amemwambia binti yake kwamba Elia alirudi kwao, na kweli hakusema uongo, Elia alirudi kwao. Ila alikuwa amekatia habari hapo, kwenye sehemu yake nzuri. Basi nikamwambia Mapendo kwamba Elia alifariki mwaka uleule, na kwamba alikuwa na ugonjwa uleule aliokuwa nao yeye, na alipewa dawa ileile. Aliniuliza swali ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu: "Kama ni dawa moja, mbona miye niko hapa?"

Ilianza na jino. Ndivyo tulivyodhani sote. Elia alikuwa na miaka sita, na asubuhi moja shavu lake la kulia lilikuwa limejaa kama mtu aliyeficha ndizi mdomoni. Jino la nyuma lilikuwa likicheza. Huku kwetu kila mtu anajua dawa ya jino linalocheza, na pale kwetu Kasenga kulikuwa na mzee aliyeng'oa meno ya mtaa mzima kwa koleo lake, kwa hiyo Feza alimpeleka huko. Jino lilitoka bila taabu, na hilo peke yake lingetushtua kama tungejua: jino la nyuma la mtoto mwenye afya halitoki kama mbegu ya papai. Juma lililofuata likatoka la pili, na shavu likazidi kujaa mpaka jicho likaanza kusukumwa juu. Nikueleze sasa, kwa sababu wakati ule hakuna aliyetueleza: uvimbe wa namna hii si wa jino, ni kansa ya chembe za damu zinazotulinda, ambayo huwapata watoto na hupenda taya, au tumbo, na hukua haraka kuliko uvimbe mwingine wowote, hata unaweza kuuona umeongezeka kati ya Jumatatu na Alhamisi. Hilo ndilo baya lake. Zuri lake ni kwamba kitu kinachokua kwa haraka hivyo hushikwa pia na dawa kwa haraka. Ukiwahi, mtoto anapona. Sikuambii ili kukufariji tu. Nimekaa kwenye mkeka na mmoja wao.

Hospitali ilikuwa ya misheni, ndogo, na chumba cha watoto wa aina hii kilikuwa nyuma kabisa, chenye dirisha la kutazama milima na mlango wa kutazama ziwa. Watu walikiita chumba cha damu. Kulikuwa na watoto wa SS, wale wanaozaliwa na damu inayovunjikavunjika, waliofika na viganja vyeupe wakilia mifupa, wakawekewa damu ya mjomba au ya jirani, na kesho yake wakawa wanadai mkate. Kulikuwa pia na watoto wa uvimbe, na hao walikaa zaidi. Feza alikuwa na mtoto mwingine anayenyonya nyumbani, kwa hiyo mimi niliacha masomo mwaka huo nikawa mlinzi wa mgonjwa, na dada yangu alikuja asubuhi na kurudi jioni, siku nyingine tukilala wote wawili. Nililala chini, kati ya kitanda cha Elia na cha Mapendo. Nyuma ya chumba kulikuwa na banda la mabati ambamo mama wote walipikia, kila mmoja na mbabula yake ya makaa, na hapo ndipo nilijifunza zaidi kuliko niliyojifunza shuleni, kwa sababu mama wakikoroga bugali huzungumza, na msichana anayepuliza moto huwa haonekani.

Mama Mapendo alikuwa ameteremka kutoka upande wa Mulenge na mtoto mwenye tumbo gumu kama ngoma. Kwao walifuga ng'ombe, na samaki hakuwa chakula kwake, alikuwa mdudu. Siku ya kwanza nilipomwaga ndagala, dagaa wetu wa ziwa, kwenye mafuta, alijifunika pua kwa kitenge. "Batu ba mu ziwa," alisema, "munakula kitu inaangaliaka muntu na macho."

"Kwani ng'ombe haina macho, Mama Mapendo?" Feza alimwuliza.

"Iko nayo. Lakini haikuangalii mu sahani."

Banda zima lilicheka, na kuanzia hapo mimi nikawa mtoto wa ndagala. Alinitania kila mchana, nami nikazoea kupikia upande ule upepo wa ziwa unakopeleka harufu mbali naye. Jioni alitupa maziwa aliyoyapata kwa ndugu zake wa mjini, na Feza alimpa sombe, kisamvu chetu, isiyotiwa samaki, sufuria ndogo ya pembeni, yake peke yake. Huo ulikuwa wakati wa maneno mabaya kati ya watu wa milimani na watu wa pwani ya ziwa, maneno ambayo nje ya ukuta wa hospitali yalikuwa yakiua. Ndani ya banda tulibishana juu ya samaki.

Mkuu wa chumba alikuwa masera, mtawa aliyetoka mbali na aliyesema Kiswahili cha vitabu. Dawa ilitolewa kwa mshipa, na kila mara ilipotolewa waliita kure. Kabla ya kure ya kwanza, masera alituketisha kitandani akatuambia kwamba uvimbe ukifa unaacha uchafu mwingi mwilini, na uchafu huo una mlango mmoja tu wa kutokea, yaani mkojo, kwa hiyo mtoto lazima anywe maji hata kama analia, na mkojo wake uwekwe kwenye chupa ili yeye aone. Basi kazi yetu ikawa maji. Mama walilinganisha chupa kama watu wa soko wanavyolinganisha mafuta ya mawese. "Wa kwangu leo amepita wako," Mama Mapendo alimwambia Feza, na Feza akamjibu, "Ngoja usiku. Huyu anakojoaka sawa mulevi wa Noeli." Elia alisikia, akajivuna siku nzima. Kati ya kukojoa na kutapika, yeye na Mapendo walicheza na vifuniko vya mpira vya chupa za dawa. Walivipanga kwenye shuka kuwa magari yanayongoja mpakani, mmoja dereva, mmoja mtu wa forodha, na wa forodha alikuwa mkali sana.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana jambo lenyewe liko hapa. Kure ya kwanza ilipoingia, shavu la Elia lilianza kushuka. Halikushuka kama jipu linalopasuka. Liliyeyuka, kimyakimya, kila asubuhi dogo kuliko jana, na kabla juma halijaisha Feza alimshikia kioo mtoto wake akaona uso ambao tulikuwa tumeanza kuusahau. Kwa Mapendo tumbo liliingia ndani, akaweza kuinama. Mimi sijaona muujiza mwingine wenye haraka ile. Mama wa SS walikuja kumgusa Elia shavu na kujisugua mikono. Na masera, aliyekuwa anapaswa kufurahi kuliko wote, alimpeleka dada yangu dirishani akamwonyesha mlima juu ya mji. Ilikuwa kiangazi, na moto wa wachungaji ulikuwa umepita juu na kuacha ubavu wa mlima mweusi na mtupu.

"Mama Elia, pale pana majani?"

"Hapana, masera. Yote iliungua."

"Mvua ikinyesha mara moja, kitaota nini kwanza?"

Feza alifikiri. "Majani. Ile ile."

"Basi. Dawa hii ya kwanza ni moto uliopita juu. Mizizi ipo. Tutarudia moto mpaka mizizi ichoke. Kure sita, Mama Elia. Mnaweza kwenda nyumbani mpumzike, lakini Jumatatu ya pili mrudi, hata akiwa anacheza. Hasa akiwa anacheza."

Alituruhusu kwa sababu kwetu palikuwa karibu, Kasenga, mwendo wa pikipiki moja. Mama Mapendo aliomba ruhusa hiyo hiyo. Alitaka kupanda kwao akaonyeshe tumbo la mtoto kwa baba yake mkwe, kuna ng'ombe ilikuwa imeahidiwa. Lakini barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, hakuna aliyepanda wala kushuka. Alilia kwa hasira, mgongo kwetu, huku Feza akikunja shuka zetu. "Weye uko na bahati, Mama Elia," alisema. "Kwenu ni hapa tu." Feza alimwachia makaa yetu na sufuria. Elia alimwachia Mapendo vifuniko vyote na kumwonya asibadilishe foleni, kwa sababu ilikuwa zamu yake kuvuka.

Kasenga walitupokea kwa vigelegele. Mjomba wetu Paskali, mzee wa kanisa na mtu mwema, nakuomba ulishike hilo, alimbeba Elia mabegani tangu njia panda, na Jumapili tulitoa shukrani. Labda kwenu mnafanya vingine, kwa hiyo nikueleze. Kwetu aliyetolewa kwenye ugonjwa mkubwa hasimami kanisani kwa maneno tu. Ukoo mzima unaingia pamoja ukiimba, na kitu cha kutoa mbele, na mgonjwa anapitishwa watu wamguse, na mzee wa ukoo anasema: imekwisha. Baada ya hapo jina la ugonjwa halitajwi tena nyumbani. Na aliyekwisha kushukuru harudi kuomba jambo lilelile, kwa sababu ni kama kumrudishia Mungu zawadi na kumwambia, hii haikutosha. Mjomba Paskali alitoa mbuzi. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Nakumbuka wali wa siku ile, na mikeke, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga, wakubwa, na Elia akitafuna kwa pande zote mbili za mdomo huku wanawake wakimhesabia matonge kwa furaha. Nikiitafuta leo hila au uvivu katika siku hiyo siipati. Ilikuwa furaha tupu, na ndiyo iliyotupoteza.

Jumatatu ya pili Feza aliamka mapema, akamwogesha Elia, akamvika shati na viatu. Mimi nilikuwa nimekwisha kufunga kikapu. Mjomba Paskali alipita kwenda ziwani kuona nyavu zake, akamkuta mtoto mlangoni amevaa.

"Munaenda wapi?"

"Kwa masera, muyomba," dada yangu alisema. "Alisema turudie leo. Dawa ingine."

"Juu ya ugonjwa gani?"

Feza alimwonyesha mlima, akajaribu kusema habari ya majani na mizizi, lakini maneno yaliyokuwa wazi pale dirishani yalimtoka vibaya, na mtoto aliyesimama mbele yetu alikuwa na mashavu mawili sawasawa. "Mwanangu," mjomba alisema, na alisema kwa upole, "juzijuzi tulisimama mbele ya batu tukasema Mungu amemaliza. Leo utaenda kumutia tena mutoto sindano, anatapika, nywele zinatoka, juu ya nini? Utamwambia Mungu nini?"

Elia ndiye aliyejibu. "Masera alisema Jumatatu. Na ni zamu yangu kuvuka."

Watu wa ua walicheka. "Huyu anapenda hospitali sawa vile ni kwa bibi yake," mmoja alisema. Feza alicheka pia, kicheko kifupi, akapiga magoti akamvua Elia viatu. Nilifungua kikapu, nikarudisha vikombe kwenye rafu.

Majuma yaliyofuata yalionyesha kana kwamba mjomba alisema kweli. Elia alikimbia, alipigana, aliiba sukari. Kila aliyemwona alisema unaona. Kisha mchana mmoja alisukuma sahani akasema bugali ni ngumu. Feza alimpikia laini zaidi. Kesho yake laini zaidi tena, karibu uji, na alimlisha bila kumtazama usoni. Nilimwona, alikuwa akitazama kijiko. Mimi nilikuwa nikitazama shavu. Siku ya tatu ndipo mjomba Paskali alipoingia, akamshika Elia kidevu, akamgeuzia mwangani, kisha akaenda kutafuta pikipiki. Alimpakata njia nzima mbele yake, mikono miwili, kama mtu aliyebeba chungu cha maji kilichojaa.

Masera hakutugombeza. Ningependa angetugombeza. Aliuliza tu imeanza lini, kisha akaenda kunawa mikono na akanawa kwa muda mrefu. Dawa ilitolewa tena, maji yakanywewa, chupa zikajazwa, lakini safari hii uvimbe ulishuka nusu tu ukasimama, kisha ukapanda hata siku dawa ilipokuwa bado mwilini. Masera alimweleza Feza kwamba ugonjwa ulioachwa njiani hurudi ukiijua dawa. Mapendo alikuwa amekwisha kupita kure ya nne. Alikuwa ameivuka kila moja kwa sababu moja tu: mama yake hakuwa na pa kwenda. Foleni ya magari ilikuwa imehamishiwa kwenye ubao chini ya kitanda, mpangilio wake haukuguswa. Elia alivuka. Alivuka mara nyingi, siku alizoweza kukaa, na mtu wa forodha hakuwa mkali tena.

Alifariki mchana, mama yake akimpepea. Wakati watu wa Kasenga wakiandaa kuja kumchukua, Feza alikaa sakafuni akakataa maji, akakataa uji, akakataa chai. Nilitoka nje kwenye banda nikamkuta Mama Mapendo amechuchumaa mbele ya mbabula yetu. Alikuwa amenunua ndagala mlangoni. Alikuwa akizikaanga mwenyewe, hajui kiasi cha mafuta, zinaungua, na hakufunika pua. "Ataweza kula hii," aliniambia. "Ni chakula yake." Feza alikula kidogo. Mama Mapendo alikaa naye mpaka mwisho, akitoa miiba midogo kwa vidole vyake.

Nimewaza sana juu ya barabara ile iliyofungwa. Bunduki zilizoifunga ziliwaua watu wa pande zote, na zilimzuia mama mmoja kwenda kushangilia mapema. Sijui niweke wapi jambo hilo, na kwenye mkeka wa Kavimvira sikujua nilisemeje mbele ya Mapendo. Nilimwambia tu kwamba yeye alibaki na sisi tukaenda. Mjomba Paskali aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuacha kanisa, ila hakutaka tena kusimama na kusema imekwisha kwa niaba ya mtu yeyote. Aliponiona naanza kazi ya reko aliniambia, "Waeleze. Sisi hatukukataa dawa. Tulishukuru kwa nusu tukadhani ni yote." Sijapata maneno bora kuliko hayo, na siyasemi kwa kumlaumu, ningekuwa na umri wake siku ile, pengine ningesema kama yeye. Kinachonisikitisha ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Mwendo wa pikipiki moja.

Basi wewe uliyekaa nami mpaka hapa, shika haya machache. Ukiona taya au tumbo la mtoto linavimba kwa haraka, usianze kwa mng'oa meno, anza hospitalini. Dawa ya kwanza ikifanya kazi na uvimbe ukayeyuka, kabla hujatoka mlangoni uliza kure ngapi zimebaki na siku gani unarudi, na mwambie siku hiyo kila mtu mwenye sauti katika ukoo wako, mzee wa kanisa akiwa wa kwanza. Ukitaka kushukuru, shukuru, mimi nitakuja kuimba nawe. Lakini siku ile ikifika, hata kama mtoto anakimbia uani na mashavu yake ni sawasawa, mpeleke.